Nina B1 na nataka kusoma Germanistik: nitakutana na nini, na nianzie wapi?

Swali limetoka kwa msomaji wa Arusha. Amemaliza kidato cha sita tahasusi ya HKL, amekuwa akisoma Kijerumani jioni na ana cheti cha B1, ngazi ya tatu kati ya sita za lugha, A1 hadi C2. Anataka shahada ya lugha na utamaduni wa Kijerumani. Anauliza kule darasani husomwa nini hasa, kama B1 yake inatosha, aanzie Afrika Mashariki au aende Ujerumani moja kwa moja, na baadaye atapata kazi gani.

Ndugu yangu, hongera kwa B1. Nianze na jambo ambalo vipeperushi vya vyuo hulipita kimyakimya: shahada ya Germanistik huko Ujerumani haikufundishi Kijerumani. Inakupokea ukiwa unakijua, inakukalisha na vijana waliozaliwa nacho, na tangu wiki ya kwanza inakutaka ukichambue. Anayeingia akitarajia kozi ndefu ya lugha, sarufi asubuhi na mazungumzo mchana, huanza kupotea njia hata kabla ya muhula wa kwanza kwisha. Kwa hiyo mengi nitakayosema hapa chini yanahusu kusoma na kuandika. "Der, die, das" utazizoea tu.

Shahada ya kwanza kwa kawaida ni mihula sita, pointi 180 za mfumo wa ECTS. Pointi moja huhesabiwa kuwa hadi saa 30 za kazi, kwa hiyo muhula wa pointi 30 hufika saa 900. Ratiba yenyewe hudanganya: utaona vipindi vya saa 14 au 16 kwa wiki na utadhani una siku tatu za kufanya kibarua. Saa nyingine haziandikwi popote. Ni za maktaba.

Somo lina matawi matatu. La kwanza ni isimu: fonolojia, mofolojia, sintaksia, semantiki, historia ya lugha. La pili ni fasihi mpya, tangu karne ya 16 hivi hadi leo. La tatu ni Mediävistik, yaani lugha na fasihi ya tangu karne ya 8 hadi mwisho wa Zama za Kati. Vyuo vingi hukupitisha katika yote matatu mwanzoni, upende usipende, ndipo uchague. Utamaduni kama somo la peke yake, lenye historia ya jamii, siasa na maisha ya kila siku, utaupata zaidi kwenye programu za Deutsch als Fremdsprache (DaF), ufundishaji wa Kijerumani kwa wageni, na kwenye Germanistik ya tamaduni mbalimbali. Leipzig ina Taasisi ya Herder, iliyoanza mwaka 1956 kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni. Chuo kikuu cha Bayreuth ndiko mtaalamu Alois Wierlacher alikojenga Germanistik ya tamaduni mbalimbali, na chuo hichohicho kina masomo ya Afrika yenye nguvu, Kiswahili kikiwemo. Kama neno "utamaduni" ndilo lililokuvuta, soma maelezo ya programu hizo kabla ya kujaza Germanistik tupu.

Mediävistik huwatisha wageni kupita kiasi. Kusema kweli, huo ndio uwanja mlio karibu kulingana na Wajerumani, kwa sababu Kijerumani cha mwaka 1200 ni kigeni kwao pia. Baadhi ya mabadiliko ni ya kanuni: irabu ndefu zimegeuka irabu unganifu na nyingine zikafanya kinyume chake, hivyo "mîn niuwez hûs" ni "mein neues Haus" ya leo. Kanuni kama hizo unaweza kuzikariri ndani ya mwezi. Pa hatari ni pale neno linapofanana na la leo kwa sura lakini maana yake imehama. "Hôchgezît" ilikuwa sherehe yoyote kubwa, wala si lazima harusi. "Arebeit" ilikuwa taabu na mateso kabla ya kuwa kazi. Mjerumani huteleza hapo kwa sababu anadhani ameelewa. Wewe fungua kamusi kwa kila neno, hata lile unalolijua. Kamusi ya Lexer, ya Kijerumani cha Zama za Kati, ipo bure mtandaoni kwenye Wörterbuchnetz ya Trier, pamoja na kamusi kubwa ya ndugu Grimm, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1854 na ya mwisho mwaka 1961.

Kwenye isimu umeanza na mtaji. Mzungumzaji wa Kiswahili hashangai nomino kuamuru umbo la kivumishi, wala hashangai kitenzi kubeba mambo mengi. Anachokosa ni alama. Kiswahili huonyesha ngeli mwanzoni mwa nomino mara nyingi, Kijerumani huificha. Tazama mwisho wa neno: -ung, -heit, -keit, -schaft, -tion na -tät ni "die", -chen na -lein ni "das", -ismus na -ling ni "der". Hizo zinafunika sehemu kubwa ya msamiati wa kitaaluma, ambao ndio utakaokuwa ukiuandika.

Ugumu wa kweli uko kwenye kusoma. Nathari ya kitaaluma ya Kijerumani hupakia sentensi nzima kati ya kiainishi na nomino yake: "die im vergangenen Jahr von der Kommission vorgeschlagene Reform". Ukiisoma neno kwa neno kutoka kushoto, utafika katikati hujui kinachozungumziwa. Weka kidole kwenye "die", ruka hadi nomino inayokubaliana nayo, "Reform", kisha rudi nyuma hatua kwa hatua: vorgeschlagene, na nani, lini. Ukimaliza una Kiswahili safi: mageuzi yaliyopendekezwa na tume mwaka jana. Fanya hivyo kwa kalamu kwenye kurasa mbili kila siku, ukizungushia kila jozi ya kiainishi na nomino, na baada ya wiki chache jicho litaanza kuruka lenyewe. Katika mihadhara tatizo ni la aina hiyohiyo: kitenzi kikuu huja mwisho. Profesa akisema mtu fulani "hat die These seines Lehrers in drei Aufsätzen…", hujui bado kama alitetea au alikanusha. Usiandike neno kwa neno. Subiri sentensi ifungwe, ndipo uandike wazo.

Sasa nije kwenye Hausarbeit, insha ya utafiti inayofunga moduli nyingi. Hapa ndipo wengi hukwama, na wanaotoka kwenye shule zetu hukwama kwa sababu inayoweza kutajwa. Fasihi ya kidato cha sita imekufundisha kugawa kazi katika fani na maudhui, kisha kuorodhesha: dhamira tano, migogoro mitatu, ujumbe, tamathali za semi pamoja na mifano. Mwalimu alitoa alama kwa kila hoja iliyohesabika. Semina ya Ujerumani haitaki orodha. Inataka swali moja jembamba, liulizwe kwenye kifungu kifupi, lijibiwe kwa ushahidi wa maneno yaliyomo humo. Insha yenye kichwa "Upweke katika riwaya fulani" itarudi na maoni kwamba ni muhtasari. Insha inayouliza ni nani anayesema katika kurasa nne za sura ya pili, na tunajuaje, inaweza kupata 1,3, alama ya juu sana huko.

Tazama sentensi mbili hizi nilizozitunga kwa mfano: "Sie sah auf die Uhr. Morgen ging der Zug ohne sie." Kitenzi "ging" ni cha wakati uliopita, lakini kimekaa na "morgen", kesho. Kwa kawaida hayo mawili hayapatani. Yamepatana kwa sababu sentensi ya pili inatoka ndani ya kichwa cha mhusika ilhali msimulizi ndiye aliyeshika usukani wa nyakati. Wataalamu huita mbinu hiyo erlebte Rede. Ukiikuta katika kifungu chako una kazi ya kurasa tatu: inaanzia wapi, inaishia wapi, alama zake ni zipi, na msomaji anaegemezwa upande gani na mbinu hiyo. Mafunzo yako ya fani hayajapotea. Umepewa tu jambo moja badala ya ishirini, na unatakiwa kulichimba hadi chini.

Hausarbeit ya mwanzo huwa kurasa 10 hadi 15. Wiki ya kumi ya muhula nenda kwa mwalimu saa zake za kupokea wanafunzi, Sprechstunde, ukiwa na ukurasa mmoja: swali lako, kifungu utakachotumia, mpangilio wa sehemu, na makala tano au sita ulizokwisha kuzifungua. Makala hizo zitafute kwenye bibliografia ya taaluma, BDSL, kabla ya kukimbilia injini za kawaida. Kuandika kwenyewe hufanyika likizo, Februari–Machi au Agosti–Septemba, na hapo mgeni hujidanganya kwamba amefunga chuo. Ukiwa na insha mbili, tenga wiki tatu kwa kila moja, na wiki ya mwisho ya kila insha iwe ya lugha tu. Vyuo vingi vina kituo cha uandishi ambako mtu atasoma rasimu yako bila malipo, lakini hachukui kurasa 15 usiku wa kuamkia kukabidhi.

Wizi wa maandishi una mtego wake kwa anayeandika lugha ya kigeni. Unanukuu sentensi nzuri kwenye daftari bila alama za nukuu, baada ya mwezi unaiona humo na unadhani ni yako. Tangu siku ya kwanza andika nukuu kwa rangi nyingine, na namba ya ukurasa papo hapo. Utatia saini tamko kwamba kazi ni yako, na siku hizi vyuo vingi hutaka pia ueleze kama ulitumia programu za akili bandia na kwa lipi.

Alama huenda kinyume na za kwetu: 1,0 ndiyo bora, 4,0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, 5,0 umeanguka. Mtihani uliofeli hurudiwa mara chache tu kwa mujibu wa kanuni za chuo. Nafasi zikiisha unafutwa katika somo hilo, na chuo kingine hakikupokei kwa somo lilelile. Kwa hiyo usijiandikishe mtihani "kujaribu". Na ukiona "10 c.t." kwenye ratiba, kipindi kinaanza saa nne na robo asubuhi, "10 s.t." ni saa nne kamili.

Turudi kwenye cheti chako. B1 haitoshi kuanza shahada. Vyuo hutaka mtihani wa Kijerumani wa kuingilia chuo: DSH-2, au TestDaF yenye daraja la 4 katika sehemu zote nne (kusoma, kusikiliza, kuandika, kuzungumza), au telc C1 Hochschule, au Goethe C2. Kwa Germanistik baadhi hupandisha hadi DSH-3. Kosa linalogharimu watu mwaka mzima ni kufanya Goethe C1 ya kawaida na kugundua baadaye kwamba si kila chuo kinaikubali. Soma ukurasa wa chuo unachokitaka kwanza, ndipo ulipie mtihani. Kutoka B1 hadi C1 hesabu vipindi 400 hivi vya darasani, na weka muda kama huo wa kusoma peke yako.

Kisha kuna cheti cha kidato cha sita. Jibu lake liko kwenye hifadhidata iitwayo anabin na ile ya DAAD, shirika la Ujerumani la ubadilishanaji wa kitaaluma: unachagua nchi na cheti, unasoma. Utaambiwa unaingia moja kwa moja, au unapitia Studienkolleg, au usome kwanza chuo kikuu nyumbani. Jibu hutegemea masomo uliyofanya na madaraja, kwa hiyo usilichukue la rafiki yako. Studienkolleg ni mihula miwili ya maandalizi inayoishia kwenye mtihani wa Feststellungsprüfung. Kwa mwelekeo wako ungewekwa kwenye G-Kurs au, penye masomo ya lugha, S-Kurs. Kuingia huko nako kuna mtihani wa Kijerumani wa B1 au B2.

Fedha huamua mengi kuliko alama. Tangu Septemba 2024 akaunti iliyofungwa kwa ajili ya visa, ambayo fedha zake hutolewa kidogokidogo kila mwezi, inatakiwa kuwa na Euro 11.904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi. Vyuo vya serikali kwa sehemu kubwa havitozi ada ya masomo, ila mchango wa kila muhula. Baden-Württemberg hutoza Euro 1.500 kwa muhula kwa wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya, kwa hiyo Heidelberg, Tübingen na Freiburg zipigie hesabu hiyo. Sheria hukuruhusu kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, lakini rudi kwenye zile saa 900 kabla ya kuzipangia matumizi. DAAD kwa kawaida haigharamii shahada nzima ya kwanza ya mtu mmoja mmoja. Nguvu yake iko kwenye uzamili, na kwenye ufadhili wa kozi za kiangazi.

Kwa hiyo ushauri wangu, kwa B1 na bila akaunti iliyojaa: anzia huku. Nairobi, Kenyatta, Moi na Makerere zimekuwa zikifundisha Kijerumani ngazi ya shahada. Huku idara inajua kwamba lugha bado inajengwa, na inaijenga pamoja nawe. Kenya Kijerumani ni somo la KCSE, kwa hiyo utakaa na waliokisoma sekondari. B1 yako itakuweka nao sawa. Ulizia kama raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanalipa ada ya wenyeji, na kama kuna tawi la ualimu. Somo la pili liwe Kiswahili au isimu. Mwaka wa tatu uwe na TestDaF mkononi, halafu omba uzamili wa DaF au Germanistik ya tamaduni mbalimbali, programu zilizotengenezwa kwa mtu kama wewe. Wastani wako watauhamisha kwa kanuni iitwayo ya Bavaria: wastani wa juu kabisa toa wa kwako, gawanya kwa tofauti ya wa juu na wa chini wa kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. Aliye na GPA 4,4 kwenye mfumo wa 5, wenye kufaulu kwa 2,0, anapata 1,6. Aliye na 3,5 anapata 2,5, na programu zenye ushindani huanza kumfungia mlango karibu na hapo.

Kazi, basi. Kuongoza watalii Arusha au Zanzibar hakuhitaji shahada hii. B2 nzuri na leseni ya uongozaji vinatosha, na anayekwambia vingine anakuuzia miaka mitatu. Kufundisha ndiko kwenye uhitaji wa uhakika. Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi Septemba 2024, na wauguzi na mafundi wanaokwenda wanahitaji walimu wa kuwapeleka A1 hadi B2. Tafsiri ya barua na mikataba ya kawaida imeshuka bei tangu mashine ziingie, usiitegemee peke yake.

Kuna uwanja mmoja ambao naona umeachwa wazi. Nyaraka za Taifa pale Dar es Salaam zinahifadhi mafaili ya utawala wa Kijerumani, yaliyoingizwa kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO mwaka 1997. Mengi yameandikwa kwa mkono, kwa hati ya Kurrent ambayo Wajerumani wenyewe wengi hawaisomi tena, kwa kuwa iliondolewa shuleni mwaka 1941. Hati hiyo ina mitego michache inayojirudia: "e" hufanana na "n", "u" hutofautishwa na "n" kwa kijikia cha juu, na "s" ndefu hudhaniwa "f". Hujifunzwa haraka kwa kuiandika mwenyewe, dakika ishirini kila siku, kuliko kwa kuitazama. Mtu anayesoma Kurrent, anayejua Kijerumani cha ofisini cha miaka ya 1900, na ambaye Kiswahili ni chake, anaweza kuona kwenye faili moja jambo ambalo mtafiti wa Berlin atalipita. Tasnifu pia zimo humo. Chuo cha lugha za mashariki kilifunguliwa Berlin mwaka 1887, na Waswahili walifundisha huko, akiwemo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliyefanya kazi na Carl Velten. Uhusiano wa mwalimu Mswahili na mhariri Mjerumani katika maandishi ya wakati ule ni mada ambayo anayeweza kuzisoma lugha zote mbili ana haki ya kuianza mbele ya wengine.

Kama hata hivyo umeamua kwenda moja kwa moja, tarehe ndizo hizi. Germanistik huanza zaidi muhula wa baridi, 1 Oktoba, na maombi ya vyuo vingi hufungwa 15 Julai. Vingine hufunga mapema zaidi kwa wageni. Vyuo vingi hupokea kupitia uni-assist, kituo kinachokagua maombi ya wageni kwa niaba ya vyuo, kwa Euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata muhula huohuo. Ukaguzi huchukua wiki nne hadi sita, kwa hiyo karatasi ziwe zimefika mwishoni mwa Mei ili pawe na muda wa kuleta kinachopungua. Nakala ziwe zimethibitishwa. Vyeti vya Kiingereza kwa kawaida havihitaji kutafsiriwa. Linganisha leo herufi kwa herufi jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, cha NECTA na pasipoti. Likitofautiana hata kwa jina moja la kati, andaa hati ya kiapo ya majina kabla hujalipa ada yoyote.